Timu Iliyozikwa Bila Matanga

Mwezi wa Februari mwaka 2023 nilikuwa nimeketi katika mkahawa mmoja mdogo mtaani Makutano, mjini Meru, nikisubiri matatu ya kunirejesha Embu. Kwenye meza ya karibu walikuwapo vijana sita au saba waliokuwa wakibishana kwa jazba, hata mwenye mkahawa akawaonya mara mbili wapunguze sauti. Suala lililowachemsha damu lilikuwa moja tu: ni nani aliyestahili kuinunua klabu ya Manchester United?

Kijana aliyevaa jezi nyekundu iliyopauka alimuunga mkono Sheikh Jassim wa Qatar. Alidai kwamba gesi ya Qatar haina mwisho, na kwa hivyo mfuko wa Sheikh huyo nao hauna mwisho. Mwenzake alimtetea tajiri Jim Ratcliffe kwa kuwa ni Mwingereza, na mwana, alisema, hawezi kuibomoa nyumba ya babake. Wa tatu hakuwa na haja na yeyote kati ya hao wawili. Yeye aliwalaani jamaa wa Glazer, walioitwaa klabu hiyo mwaka 2005, kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa shamba la urithi.

Sikuwacheka. Uchungu huo naujua. Mimi ni shabiki wa Arsenal, na mwaka 2018, Stan Kroenke alipozitwaa hisa zote za klabu hiyo, nilinuna kwa siku kadhaa kana kwamba nilikuwa nimeuziwa ng'ombe wangu bila kuarifiwa. Ilhali sijawahi kumiliki hata kiti kimoja katika uwanja wake.

Pembeni mwa vijana hao alikuwapo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye muda wote huo alikuwa akinywa chai yake bila kutia neno. Walipotulia kidogo, akaweka kikombe mezani na kuuliza:

"Wajukuu wangu, je, mwajua kwamba mlima huu wetu uliwahi kuwa na timu katika Ligi Kuu ya Kenya?"

"Twajua, mzee," akajibu mmoja. "Mount Kenya United."

"Vyema. Sasa niambieni. Ni nani aliyeinunua, ni nani aliyeiuza, na imezikwa wapi?"

Vijana wakatazamana. Hao waliojua mapato ya Sheikh wa Qatar hawakuwa na jibu. Na mimi, niliyejiona msomi wa mambo ya kandanda, niliinamisha macho kwenye kikombe changu. Katika msimu huo wote ambao timu hiyo ilicheza, sikuwahi kulipa hata shilingi moja kwenda kuitazama.

Basi nieleze kwa kifupi, kwa faida ya msomaji ambaye kisa hiki kilimpita. Palikuwa na timu iliyoitwa Nakumatt, iliyokuwa mali ya maduka makubwa ya jina hilo. Mwaka 2017 na mwaka 2018 timu hiyo ilicheza Ligi Kuu. Lakini maduka yenyewe yalikuwa yameelemewa na madeni, rafu zikawa tupu, matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Mwaka 2018 timu ikauzwa kwa mfanyabiashara mmoja, naye akaibatiza jina jipya: Mount Kenya United. Ikacheza msimu mmoja tu kwa jina hilo, na mwaka 2019 ikashushwa daraja. Mwezi wa Januari mwaka 2020 wadai wa Nakumatt nao wakapiga kura kampuni ivunjwe. Duka likafa, timu ikafa, na jina la mlima likabaki katika orodha za matokeo ya zamani.

Simlaumu aliyeinunua. Mtu aliyekubali kutia fedha zake katika kandanda ya Kenya, ambapo kiingilio hakitoshi hata kulipia usafiri wa wachezaji, anastahili shukrani kabla ya lawama. Langu ni jambo jingine. Timu hiyo ilipewa jina letu, lakini sikusikia mkutano wowote ulioitishwa Meru, Chuka wala Embu kutuuliza kama tuliitaka. Nasi hatukuuliza lolote. Ilipokuja hatukuipigia vigelegele, na ilipokufa hatukuikalia matanga. Mtu hamlilii mgeni ambaye hakuwahi kula kwake. Wahenga walinena kwamba cha kuazima hakisitiri maungo, na hapana vazi lililoazimwa kwa haraka kama lile.

Msomaji asidhani kwamba hiyo ni mikosi ya mlima huu pekee. Historia ya kandanda nchini mwetu imejaa makaburi ya timu zilizokuwa mali ya mtu au ya kampuni. Utalii ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1997, leo haipo. Oserian, timu ya kampuni ya maua kule Naivasha, ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka 2001 na mwaka 2002. Haikuchukua muda mrefu nayo ikatoweka. Timu za viwanda vya sukari, zilizokuwa zikitetemesha viwanja vya magharibi, zilidhoofika pamoja na miwa. SoNy Sugar, iliyokuwa bingwa mwaka 2006, ilifukuzwa kutoka Ligi Kuu mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Kampuni inapokohoa, timu ndiyo inayotangulia kaburini, kwa maana mkurugenzi anayetafuta pa kupunguzia matumizi huanza na kile kisichomletea faida.

Na tajiri mmoja mmoja je? Wazito ilinunuliwa mwaka 2018 na mfanyabiashara Ricardo Badoer. Fedha zikamwagwa, wachezaji wakasajiliwa, makocha wakaja na kuondoka, na mwaka 2019 timu ikarejea Ligi Kuu. Baadaye tajiri akachoka, kama ilivyo haki ya kila mtu kuchoka na mali yake, na mwaka 2023 timu ikashuka tena. Hata klabu zisizo za tajiri wala kampuni hazikusalimika zilipoegemea mkono mmoja. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa ilipovuta ufadhili wake kutokana na mgogoro wa leseni na serikali, Gor Mahia na AFC Leopards, vigogo wenye mashabiki nchi nzima, walijikuta hawana mishahara ya wachezaji.

Nikishuka kutoka kwenye Ligi Kuu hadi vijijini, naona ugonjwa ni ule ule. Katika kijiji kimoja karibu na Nkubu palikuwa na timu ya vijana niliyoifahamu vyema, kwa kuwa mlinda lango wake ni mtoto wa dada yangu. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2017 mtu mmoja aliyetaka kiti aliinunulia jezi, mipira, nyavu na glavu. Timu ikabadilishwa jina ikaitwa jina lake. Vijana wakacheza kila Jumapili, na baada ya kila mechi palikuwa na hotuba. Kura zikapigwa, mheshimiwa mtarajiwa akashindwa. Wiki mbili baadaye gari likaja na dereva akiwa na orodha mkononi. Jezi zikahesabiwa, zikatiwa kwenye magunia, zikaenda. Nyavu zikafunguliwa kwenye milingoti. Mipira mitatu ikachukuliwa, na wa nne, uliokuwa umepasuka, ukaachwa.

Mpwa wangu aliificha glavu yake moja, ya pili ikaenda na magunia. Leo ni mwendesha bodaboda. Asubuhi za Julai, wakati ukungu wa mlima unaposhuka hadi barabarani, huivaa glavu hiyo moja kwenye mkono wa kulia, na wa kushoto huufunga kitambaa. Nilipomuuliza ni kwa nini hakudai hata jezi aliyoitoka jasho kwa miezi minane, alinijibu: "Mjomba, ningedai kwa karatasi gani?"

Hilo ndilo swali. Kwa karatasi gani? Ubishi wote wa mashabiki kuhusu umiliki wa timu, uwe wa Meru au wa Manchester, hurudi kwenye swali la kijana huyo.

Miezi michache baada ya siku ile ya Makutano, nilikuta ubishi mwingine mjini Embu. Tarehe 1 Juni mwaka 2023 sherehe za kitaifa za Madaraka ziliadhimishwa katika Uwanja wa Moi mjini humo, kama zilivyokuwa zimeadhimishwa mwaka 2018 katika Uwanja wa Kinoru, Meru. Kwa ajili ya sherehe uwanja ulikuwa umekarabatiwa, nasi wakazi tulikuwa tukipita kando yake na kuukodolea macho kama nyumba mpya ya jirani. Wakereketwa wachache wa kandanda tulisimama langoni tukijadiliana. Uwanja tunao, alisema mwalimu mmoja mstaafu. Je, atacheza nani ndani yake?

Mwanamke mmoja auzaye matunda karibu na kituo cha matatu, ambaye hakosi mechi yoyote mjini, alijibu kwamba kaunti iunde timu na iilipie. "Kaunti hulipia barabara na zahanati," alisema, "mbona isilipie na vijana wetu?" Hoja yake si ya kupuuzwa. Kule Vihiga serikali ya kaunti iliibeba timu hadi Ligi Kuu, na timu ya wanawake ya Vihiga Queens ikawa bingwa wa ukanda wetu mwaka 2021 na kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika kwa wanawake.

Hata hivyo, mwalimu yule alimkumbusha jambo moja. Gavana hukaa madarakani miaka mitano, au kumi akijaliwa. Bajeti hupitishwa na madiwani, na madiwani huweza kuikataa. Timu ya gavana huyu inaweza kuonekana na gavana ajaye kuwa ukumbusho wa mpinzani wake. "Mama," alimwambia kwa upole, "ukimpa gavana timu, umeipa timu tarehe ya kufa." Mimi niliongeza kimoyomoyo: na jezi zitahesabiwa tena.

Tukae basi na njia ya tatu, ya timu kuwa mali ya wanachama. Hapa nitapingwa papo hapo. Nitaambiwa: tazama Gor Mahia na AFC Leopards. Hizo ni klabu za wanachama tangu miaka ya 1960, na kila mwaka hatukosi kusikia habari za madeni, kesi na makundi mawili yanayodai uongozi. Ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba zingali hai. Utalii imekufa, Oserian imekufa, Nakumatt imekufa; K'Ogalo na Ingwe zimefilisika, zimegombaniwa, na bado zikiingia uwanjani watu hujaa. Ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, Gor Mahia haikuwa mali ya tajiri yeyote. Na ufadhili ulipokatika mwaka 2019 viongozi wake waliwageukia mashabiki wakawaomba wachange. Timu ya kampuni ingemgeukia nani?

Kasoro ya klabu hizo, kwa maoni yangu, si kwamba ni mali ya wengi. Ni kwamba wengi hao hawajaandikwa. Shabiki anayepiga ngoma jukwaani hujiita mwenye timu, lakini siku ya uchaguzi daftari la wanachama huwa na majina machache kuliko watu waliojaa basi moja la kwenda Kisumu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kasoro ya pili ni ya ukabila. Klabu hizo mbili zilizaliwa kutoka vyama vya jamii, na mwaka 1980 Rais Moi alipopiga marufuku vyama vya kikabila ilizibidi zitafute maelezo mapya ya majina yao. Sisi wa mlimani tusirudie njia hiyo. Timu ya Embu iwe ya Muembu, ya Mmbeere, ya Mkamba mwenye duka, ya polisi kutoka Pwani aliyehamishiwa huku na ya mwalimu kutoka Busia. Timu ya Meru iwe ya kila aishiye Meru, awe ni wa Imenti, Tigania au Igembe, au mgeni aliyekuja Maua kununua miraa akaona pafaa akakaa. Timu ni ya mahali, si ya damu.

Nataraji kuulizwa: je, watu wa kawaida wanaweza kweli kumiliki na kuendesha kitu kikubwa hivyo? Swali hilo likiulizwa mahali pengine ningelijibu kwa tahadhari. Likiulizwa Meru na Embu nalishangaa.

Katika miaka ya 1930, wakati walowezi walipokuwa hawataki kusikia habari za Mwafrika kulima kahawa, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, pamoja na Kisii, ambako serikali ya kikoloni ilimruhusu Mwafrika kupanda miche michache kwa majaribio. Kutokana na miche hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika. Mkulima mwenye mashina mia moja alipeleka kikapu chake kiwandani, kikapimwa, karani akaandika kilo, na kwa karatasi hiyo mkulima akawa mwenye kiwanda pamoja na wenzake. Kisha ikaja chai. Viwanda vya Githongo, Kionyo, Kinoro na Michimikuru upande wa Meru, na vile vya Mungania na Rukuriri upande wa Embu, si mali ya mzungu wala ya waziri. Wakulima wana hisa, huchagua wakurugenzi, na bonasi ikiwa ndogo huwakalia kooni mpaka wajieleze. Ongeza vyama vya akiba na mikopo vilivyoanzishwa na walimu na wakulima wa chai na kahawa, ambavyo leo vina majumba mijini na hukopesha watu karo, pembejeo na ploti.

Watu hawa ndio tunaowaambia kwamba hawawezi kumiliki mipira ishirini na basi moja?

Simaanishi kwamba ushirika ni malaika. Nilikuwapo tukiona mambo yaliyotokea baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 kuondoa mkono wa serikali. Vyama vikubwa vya kahawa viligawanyika vipande vipande, kila mto ukataka chama chake, viongozi wengine wakakopa kwa jina la wanachama, na wakulima wakang'oa mikahawa kwa hasira. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2004, na mwaka 2008 ikatungwa sheria maalumu ya kusimamia vyama vya akiba na mikopo. Funzo lake ni bayana. Umiliki wa wengi haudumu kwa nia njema. Hudumu kwa hesabu zinazokaguliwa na kusomwa mbele ya watu, na kwa kiongozi kujua kwamba kiti chake kina mwisho.

Aidha, tusidanganyane kwamba mpira ni kama chai. Chai huleta bonasi. Mpira huleta gharama. Mwanachama atakayenunua hisa ya timu akitazamia faida atavunjika moyo kabla ya msimu kwisha. Hapa panafaa mfano wa mbali. Nchini Kanada wanacheza kandanda ya aina yao, ya mpira uliochongoka kama yai, unaobebwa mikononi. Katika jimbo la Saskatchewan, ambalo kama kwetu ni jimbo la wakulima, iko klabu ya Roughriders, iliyoasisiwa mwaka 1910. Si ya tajiri. Klabu hiyo iliwauzia mashabiki hisa za dola 250 kila moja, na hisa hizo hazina gawio hata senti. Aliyenunua hupata cheti, haki ya kuhudhuria mkutano na kura yake. Watu wakazinunua, wakavitundika vyeti ukutani. Wanajua wanachokinunua: si faida, bali hakika kwamba hapana mtu atakayeamka asubuhi moja na kuihamisha timu yao.

Nchi hiyo hiyo ina mafunzo ya upande wa pili. Klabu ya Ottawa Rough Riders, iliyoasisiwa mwaka 1876, ilipita mikononi mwa mwenyewe mmoja baada ya mwingine hadi ikafa mwaka 1996. Na klabu ya Edmonton, iliyokuwa mali ya jamii tangu mwaka 1949, iliuzwa mwezi wa Agosti mwaka 2024 kwa mfanyabiashara wa huko huko baada ya miaka ya hasara na viti vitupu. Naitaja makusudi, ili asije mtu akasema nimeficha. Timu ya jamii ambayo jamii imeacha kuitazama huuzwa kama nyumba ambayo watoto wamehama. Umiliki ni miguu inayokwenda uwanjani kabla ya kuwa saini kwenye karatasi.

Wapo wanaopendekeza njia ya kati, nao wana hoja. Ujerumani, ilipoziruhusu klabu zake mwaka 1998 kugeuza idara za kandanda kuwa kampuni, ilisisitiza kwamba wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura. Jirani zetu Tanzania wamefuata mkondo unaofanana na huo. Tarehe 3 Desemba mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mwekezaji, Mohamed Dewji, aliyeahidi shilingi bilioni 20 za Tanzania. Na serikali yao ikashikilia kwamba asilimia 51 ibaki kwa wanachama, 49 iende kwa uwekezaji. Yanga nao wakapitisha mabadiliko yao mwaka 2021. Mabishano kuhusu utekelezaji hayakukoma, lakini tazama tofauti. Mtanzania akiuliza timu ni ya nani, kuna mkutano uliopiga kura na kuna asilimia za kutajwa. Nasi tukiulizwa, tunatazama vikombe vya chai.

Basi napendekeza nini? Kwanza, tusianze na Ligi Kuu wala tusinunue nafasi ya mtu. Tuanze chini, kila mji na timu yake, na tupande kwa miguu yetu. Pili, timu iandikishwe kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, ikiwa na katiba ambayo mwanachama anaweza kuisoma na kuielewa. Tatu, kila mwanachama awe na kura moja, awe amenunua hisa moja au mia, kama ilivyo katika ushirika. Nne, katiba iseme wazi kwamba jina, rangi, nafasi katika ligi na mali ya timu, hata nyavu za goli, haziwezi kuuzwa wala kuhamishwa bila theluthi mbili ya wanachama kukubali mkutanoni. Mfadhili akaribishwe, jina la kampuni yake liandikwe kifuani pa jezi, apewe kiti cha mbele na soda baridi. Lakini jezi zenyewe zisiwe zake. Tano, hesabu zisomwe hadharani kila mwaka, katika uwanja ule ule, kwa Kiswahili ambacho muuza matunda na mwendesha bodaboda watakielewa.

Na fedha? Watu 3,000 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, hizo ni shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Hazitamnunua mchezaji kutoka Ghana. Zitalipia usafiri, maji, waamuzi, daktari na posho ya vijana, na zitaizuia timu isilazimike kumpigia magoti kila mwenye gari kubwa. Shilingi mia ni bei ya vikombe vichache vya chai pale Makutano. Haba na haba hujaza kibaba, na sisi tuliojaza viwanda kwa kikapu kimoja kimoja hatuhitaji kufundishwa methali hiyo.

Mwishowe Jim Ratcliffe ndiye aliyeipata sehemu ya Manchester United, zaidi ya robo ya hisa, mwanzoni mwa mwaka 2024. Nadhani yule kijana aliyemtetea alifurahi, na mwenye jezi iliyopauka akahuzunika. Furaha hiyo na huzuni hiyo siwanyimi, kwa kuwa nami nitaendelea kununa na kucheka na Arsenal hadi mwisho wa siku zangu. Lakini hapana hata mmoja kati yetu aliyeulizwa chochote.

Mwaka jana nilipita tena Nkubu nikamkuta mpwa wangu kituoni akingoja abiria. Nikamsimulia mawazo haya yote, nikitarajia anicheke. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua ile glavu, akaitazama, kisha akauliza kama katika timu hiyo ya wanachama yeye naye angeandikwa jina.

Nilimwambia ndiyo, na kwamba angepewa karatasi.

"Kwa hiyo, Mjomba," akasema, "gari likija na orodha, nami nitakuwa na yangu?"

Nilimjibu kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Akatoa noti ya shilingi mia moja mfukoni, akanitia mkononi, akaniambia niiweke mpaka daftari litakapofunguliwa. Ninayo hadi leo, ndani ya bahasha, kwenye droo ya meza ninapoandikia. Sina haki ya kuitumia, na nimeanza kuona haya kuendelea kuitunza. Natafuta watu 2,999.